Zawadi ya Krismasi Niliyoichoma Moto

Nilikosa. Naliandika neno hilo mapema kabla sijabadili mawazo, maana najijua. Mimi ni mtu wa kushuku. Hata sasa nashuku kwamba kuna jirani atausoma ukurasa huu, atamgusa mwenzake na kusema, "Huyu si yule wa karibu na mashine?" Basi na aseme. Nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Mimi ni mama wa watoto, Mpogoro, naishi Ifakara na mume wangu ambaye anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Tangu usichana wangu siamini kitu cha bure. Mtu akinipa embe, naligeuzageuza kutafuta tundu. Mume akirudi amechangamka, najiuliza amechangamshwa na nani. Nilidhani huo ndio uerevu.

Sasa fikirieni mtu wa namna hiyo na Krismasi! Wenzangu walifurahi, mimi niliteseka na zawadi. Ukimpa wifi khanga nzuri, shemeji atasema kuna upendeleo. Ukimpa jirani sahani, atadhani umemsema kwamba zake zimepasuka. Nikatafuta njia rahisi. Kila mtu nilimpa sukari na mche wa sabuni, vimefungwa kwa karatasi ya aina moja, mkubwa kwa mdogo. Hakuna aliyekasirika. Hakuna aliyefurahi pia, lakini hilo sikuliona wakati ule.

Kulikuwa na jirani ambaye alikuwa kinyume changu kabisa. Nitamwita Mama Odilia. Ni Mngoni wa Songea. Alikuja huku bondeni na mumewe aliyepata kazi kwenye mashamba ya miwa, mume akafariki, naye akahamia Ifakara, akawa anapika vitumbua asubuhi na kusuka mikeka mchana.

Kwa kuwa sisi na Wangoni ni watani, huyu hakuwa jirani tu. Mnaojua utani mnanielewa. Mtani anaingia kwako bila hodi, anamkamata jogoo wako, anakutukana mbele ya wageni, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika ni wewe mwenye kosa. Na siku ya msiba yeye ndiye anayevaa nguo za marehemu, anaiga anavyotembea, anacheka na kuchekesha ili wafiwa wapate nguvu ya kusimama.

Mama Odilia alikuwa na macho. Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya Krismasi, alipita nyumba kwa nyumba akitania, kumbe anatazama nani amepungukiwa na nini. Mwaka mmoja alimletea mume wangu kengele ya ng'ombe aliyoipata kwa wafugaji wa Kisukuma, eti nimfunge shingoni nisikie yuko kilabu gani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini mume wangu aliitundika mashineni, akawa anaigonga kumwita mteja ambaye zamu yake imefika, maana sauti yake haisikiki kwenye ule mngurumo.

Mimi alinipa kufuli jipya. Akasema nifunge hata kivuli changu kisije kikaibwa. Kweli kufuli la stoo yetu lilikuwa limeshika kutu. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilikaa nikijiuliza, huyu mwanamke alikuwa anatafuta nini mlangoni pa stoo yangu mpaka akaiona kutu?

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Ilikuwa mwaka ule kabla ya mvua za El Nino. Mama yangu mzazi, ambaye alikuwa akiishi Namawala na kaka yangu, alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Tukamleta kwangu awe karibu na hospitali. Daktari akatuambia moyo umechoka, umri umekwenda, apewe vidonge na apumzike, asisumbuliwe.

Sikukubali. Moyo unachokaje wenyewe tu? Nikajua kuna mtu.

Mama mwenyewe alikuwa ametulia. Tena alitaka kuzungumza. Alikuwa anaanza, "Mwanangu, siku nitakapoondoka..." nami namkatiza hapo hapo. Namwambia asijitabirie mabaya, anywe dawa, alale. Nikiona anataka kurudia, natoka nje kwenda kuchanja kuni ambazo hazikuwa zinahitajika. Niliona ni kumpenda.

Mama Odilia alikuwa anakuja kila akimaliza biashara yake. Nikiwa jikoni niliwasikia.

"Wewe kikongwe, hujafa tu?"

"Nakusubiri utangulie, mla panya. Mimi nitakuja taratibu."

"Nitangulie wapi? Babu zako walipotuona tu vitani walipanda milima. Kufa pia mtakimbia!"

Basi hapo mama anacheka mpaka anakohoa. Lakini baada ya kicheko sauti zilikuwa zinashuka, zinakuwa za kunong'ona. Mimi nikiingia na uji, wananyamaza. Mama Odilia anaanza kusifia uji. Mama anatazama ukutani. Jamani, watu wananyamaza hivyo kwa sababu gani kama hawana jambo?

Siku moja nilitoka sokoni mapema. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi kidogo. Mama amelala chali, amenyooka, macho ameyafumba. Mama Odilia ameinama juu yake, ameshika ukindu mrefu uliounganishwa. Anaupitisha kutoka utosini kwa mama mpaka kwenye nyayo. Kisha akafunga fundo pale ulipoishia, akauviringisha na kuutia kwenye upindo wa khanga yake.

Nikarudi nyuma polepole mpaka uani, nikakaa kwenye kinu. Mama yangu anapimwa! Kwa akili zangu, fundo lile lilikuwa ni uhai wa mama umefungwa.

Kuanzia siku hiyo kila kitu kilikuwa ushahidi. Nikienda kwake naona anafunika kitu kwa gunia. Nikiuliza anasuka nini, anajibu kwamba anasuka mkia wa Mpogoro, anacheka. Vitumbua alivyomletea mama nilikuwa navimwaga nyuma ya nyumba. Mama akiuliza, nasema watoto wamekula. Kuku wakavila kila siku wala hawakufa. Unajua nilisemaje? Nilisema huo ni uchawi wa watu tu, hauwapati kuku.

Nikamtumia kaka ujumbe, akaja. Nilimsimulia habari ya kupimwa. Kaka yangu siyo mtu wa maneno mengi. Aliniambia nisimwonyeshe kwamba nimejua, tumsubiri ajitokeze mwenyewe. Mume wangu alipotusikia alisema tumuulize tu yule mama alikuwa anapima nini. Nikamshuku na yeye. Kwa nini anamtetea?

Krismasi ikafika. Tumetoka kanisani, tumekaa uani, wageni wamejaa, pilau linapakuliwa. Mama tulimtoa nje akakaa kwenye kiti chenye mto. Nimekwisha kugawa sukari yangu na sabuni. Ndipo tukasikia vigelegele barabarani.

Mama Odilia alikuwa amevaa kitenge kipya, amebeba mkeka kichwani, umeviringishwa na kufungwa kwa utepe mwekundu. Akapita katikati ya wageni bila kusalimia mtu, kama mtani anavyofanya. Akautandika mbele ya miguu ya mama. Jamani, mkeka ule ulikuwa mzuri. Ukili mwembamba, umeshonwa bila kuonyesha mshono, pembeni ametia rangi ya zambarau na ya kijani. Katikati alikuwa amekunja kitambaa cheupe, kipya, kinanukia duka.

Akamwambia mama, "Haya kikongwe, zawadi yako hiyo. Jaribu kama inakutosha."

Mama aliomba ashikwe mkono. Akashuka kwenye kiti, akalala juu ya mkeka, akanyoosha miguu. Ukamtosha sawasawa. Mama akafumba macho akacheka, na watu wengine wakaanza kucheka naye.

Mkeka na kitambaa cheupe! Kila mtu pale alijua vitu hivyo viwili vikiwa pamoja ni vya kazi gani. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimemshika Mama Odilia kifuani, nimemkaba kitenge, nasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

"Mchawi wewe! Ulimpima mama yangu, nilikuona. Sasa umeleta na sanda yake nyumbani kwangu, siku ya Krismasi!"

Mama Odilia alinitazama akisubiri nicheke. Alidhani nami natania. Alipoona sicheki, uso wake ulibadilika taratibu.

Mama alisema kutoka pale chini, "Mwanangu, mwachie. Nilimwomba mimi."

Mnasikia? Mama yangu aliyasema maneno hayo mbele ya watu wote, kwa sauti yake, na akili zake zote. Nami nikawageukia wageni nikawaambia, "Mnaona? Ameshamfunga mpaka anamtetea."

Nikauchukua ule mkeka na kile kitambaa, nikaviweka kwenye moto uliokuwa umepikia pilau. Ukindu mkavu unashika haraka. Hakuna aliyenizuia.

Neno mchawi ukishalitoa huwezi kulirudisha mdomoni. Kabla ya mwaka mpya mtaa mzima ulikuwa nalo. Mmoja akakumbuka mtoto wake aliyeshikwa degedege baada ya kula kitumbua. Mwingine mpunga wake uliliwa na nguruwe, wa jirani ukaachwa. Wote walikuwa wamecheka naye miaka yote hiyo, sasa kila mmoja ana kesi.

Kwetu kuna njia ya kumaliza mambo hayo. Mnakwenda wote kwa mganga wa kunyoa, anayeshukiwa na anayeshuku, mnanyolewa nywele zote, mnanyweshwa dawa, mnarudi mmekuwa sawa. Anayekataa amejihukumu. Kaka yangu ndiye aliyepeleka habari. Mama Odilia hakubisha. Aliuliza tu tunaondoka siku gani ili asiloweke mchele wa vitumbua.

Tulipanda lori moja, yeye mbele kule, mimi nyuma na kaka, hatuongei. Kwa mganga tulikalishwa kwenye benchi moja tukisubiri wembe. Nilimwangalia kwa jicho la pembeni nikitafuta dalili ya hofu. Alikuwa analia kimya, anafuta machozi kwa kiganja. Nikajiambia kwamba analilia uchawi wake unaotolewa. Mungu anisamehe.

Wanasema ukinyolewa jambo limekwisha na ni marufuku kulitaja. Kwa midomo ni kweli lilikwisha. Lakini asubuhi beseni lake la vitumbua lilirudi nyumbani limejaa kama lilivyotoka. Kisimani, akifika, wanawake wanavuta ndoo zao karibu na miguu. Watoto waliokuwa wakimkimbilia wakaitwa ndani. Kichwa changu nacho kilikuwa kipara, lakini mimi watu walinipa pole.

Mvua za masika zilipoanza alihama. Nilisikia amekwenda upande wa Mngeta kwa ndugu yake, anafanya kibarua kwenye shamba kubwa la mpunga. Hakuniaga. Mama aliposikia alikataa uji siku nzima.

Siku moja nilipokuwa namwogesha, mama alinishika mkono. Alianza kuzungumza akiwa anatazama maji.

"Mimi nilitaka kuzikwa na mkeka, kama mama yangu. Sitaki sanduku. Nilitaka kuuona nikiwa hai. Kila nikianza kukuambia, unakwenda kuchanja kuni."

Nikachota maji mengine nikammwagia mgongoni.

"Yule Mngoni aliniuliza anipe zawadi gani ya Krismasi. Nikamwambia. Hakuogopa, hakulia. Alinipima huku tunacheka. Nilijikausha kama maiti, tukacheka zaidi. Mtani ndiye mtu niliyeweza kuongea naye juu ya kifo changu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Swali la kijinga kiasi gani!

"Nilikuambia mbele za watu," mama alisema. "Ukasema nimelogwa."

Nilimkausha, nikamvalisha, nikamlaza. Halafu nikatoka uani nikakaa. Niseme ukweli wote, maana ndio ulionileta hapa. Hata pale bado sehemu ya moyo wangu iliuliza, je, kama mama anasema hivyo kwa sababu bado dawa ya yule mwanamke iko mwilini? Mnaona ugonjwa huo? Mama yangu anakufa, ananiambia ukweli, na mimi naukagua kama embe.

Ningekwenda Mngeta wiki ile ile, ningempata Mama Odilia, ningempigia magoti, angerudi, mama angemwona. Nilijua. Sikwenda. Nilisema barabara imeharibika kwa mvua. Nilisema mama hana wa kumwangalia. Ukweli ni kwamba niliona aibu kuonekana nimekosea.

Mama alifariki kabla ya mavuno.

Tulimzika kwa mkeka kama alivyotaka, lakini ulikuwa wa kununua sokoni, wa haraka. Mama alikuwa mwanamke mrefu. Wanawake waliomwandaa walijaribu huku na huku, mwishowe wakaongeza kipande cha mkeka mwingine miguuni, wakakishona palepale kwa kamba ya katani. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakishona. Hakuna aliyenitazama usoni.

Wangoni wengine wa Ifakara walikuja msibani. Wamevaa vizuri, wamekaa kwenye mabenchi, wamekunja mikono. Hakuna aliyevaa khanga ya mama na kutembea akikohoa kama yeye. Hakuna aliyelala njiani kuzuia maiti isipite wala kumwagia mtu majivu. Walitoa pole, wakasaidia kukata kuni na kuteka maji, wakaondoka kwa adabu. Walikuwa wanaogopa kuitwa wachawi, na nani awalaumu? Shangazi mmoja mzee alitazama huku na huku akauliza watani wako wapi. Kaka yangu akainamisha kichwa.

Sikujua kwamba msiba bila kicheko unaumiza kiasi kile. Kilio kinaanza, kinaendelea, hakuna mahali pa kukipumzisha. Nililia mpaka sauti ikakatika, na bado nilikuwa nasubiri mtu aje kunitukana.

Baada ya mavuno nilikwenda Mngeta. Nilinunua doti ya kitenge, safari hii nilichagua muda mrefu, nikafikiria rangi anazopenda. Nikauliza njia mpaka nikafika. Alikuwa anaanika mpunga mbele ya nyumba ya ndugu yake, ufagio mkononi. Nywele zake zilikuwa zimeota, zimeingiwa na mvi ambazo hazikuwepo zamani.

Nilipomwona nilijiandaa kwa lolote. Nilitamani anitukane. Nilitamani aseme, wewe Mpogoro mwoga, umekimbia wapi siku zote hizi. Angenipiga kwa ule ufagio ningeshukuru.

Aliweka ufagio chini. Akapangusa mikono, akaleta kiti, akakifuta vumbi.

"Karibu dada," aliniambia. "Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Shemeji anaendeleaje na kazi?"

Nilipiga magoti nikaeleza yote, nikalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniinua kwa mikono miwili. Akasema yamekwisha, nimsamehe na yeye kama alinikwaza, na pole kwa msiba wa mama. Alisema pole hiyo kwa kuinamisha kichwa. Nilipompa kitenge alikipokea kwa mikono yote miwili, akasema Mungu anibariki sana. Hakukifungua. Alinipikia chai, akanisindikiza mpaka barabarani, akasubiri mpaka gari lilipoondoka, akanipungia.

Hakunitania hata neno moja. Nimeheshimiwa na mtani wangu mwanzo hadi mwisho, kama mkwe.

Wenzangu, Krismasi nyingine inakaribia. Wengi mnajiuliza mtampa nani kitu gani. Nawaomba, kaeni na mtu mumuulize anataka nini, na akitaja jambo linalowatisha, msitoke kwenda kuchanja kuni. Na ninyi mnaoshuku kama mimi, ikiletwa nyumbani zawadi msiyoielewa, mwulizeni yule aliyeletewa, na akijibu, mwaminini siku hiyo hiyo. Mimi nimemtumia Mama Odilia salamu mara nyingi. Kila mara ananijibu vizuri sana.